Kanuni ya Saba Niliiandika Mimi

Nekesa mwanangu,

Usishangae kwamba barua hii imekuja kwenye karatasi ndogo ndogo zilizochapwa maneno upande mmoja. Karatasi zenye mistari mama yako amefungia vikombe vyako visivunjike njiani. Hizi nimezitoa chini ya kabati la dawa hapa shuleni. Ziko pakiti mbili nzima, na kwa miaka mingi hazijapata kazi ya maana kuliko hii. Nimeziandika namba kwenye kona. Upande uliochapwa usiusome kwanza, nitakuambia wakati wa kugeuza.

Habari za chandarua, sabuni, viatu vya mvua na namna ya kumsalimia mkuu wa shule, mama yako anazo. Nilipotoka nyumbani mchana huu alikuwa amefika kwenye chumvi, na bado alikuwa na safari ndefu. Mimi siongezi hata neno. Nimekuja kukaa huku, wanafunzi wakiwa likizo na popo wakiwa darini, nikujibu lile ulilosema Jumatano mezani, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka na mbele ya mama yako mimi hukatwa kauli.

Jumatano ulitusomea barua yako ya ajira. Ulipofika kwenye "Nesi wa Shule" mama yako alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameposwa. Ukaendelea na kanuni za kazi, ya kwanza, ya pili, nami nikaendelea na samaki wangu. Ulipofika ya saba nikaacha kutafuna.

"Hiyo usiisaini," nikasema.

"Baba, hata kazi sijaianza, unataka niiharibu?" ukaniuliza. "Nitasaini kama wengine. Nimalize kwanza miezi sita ya majaribio, ndiyo nianze kubishana."

Mama yako akaingilia. "Mwache mtoto aende kazini. Wewe hata uji ukichelewa unataka kugoma."

Nikanyamaza. Unanijua, mwanangu. Mimi nikinyamaza sijakubali, natafuta pa kuanzia. Na nimepapata. Sasa geuza karatasi hii, usome yaliyochapwa.

"Mwanafunzi hatapokelewa katika chumba cha wagonjwa bila kikaratasi chenye sahihi ya mwalimu wa zamu. Asiye nacho arudishwe alikotoka."

Ndiyo kanuni yako ya saba, neno kwa neno. Haikutoka wizarani wala haikutoka kwenye vitabu vyenu vya chuo. Niliiandika mimi, kwenye meza hii hii, Jumatatu moja nikiwa nimekasirika na nimeshiba chai.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hujawahi kuuliza, na mimi sikuwahi kujitolea kusema.

Nilikuja shule hii nikitoka kituo cha afya ambako nilianza kwa kupiga deki. Kupiga deki ni shule nzuri: watu hawakuoni, kwa hiyo wewe unawaona. Niliwatazama wauguzi wakitafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mpaka nikajua nani anaujua na nani anabahatisha. Cheti nilikipata baadaye, na kilipofika kilikuta kichwa kimeshajaa. Basi nikaletwa hapa, na siku ya kwanza nikakuta karatasi za shule zinaitaja nafasi yangu kuwa ya "metroni". Nikamwambia karani kwamba mimi ni mwanamume. Akatazama ndevu zangu, akatazama karatasi yake, akasema, kwa jina ambalo huku huitwa kila mtu wa tiba, "Musawo, ndevu tunaweza kunyoa. Karatasi hapana." Mpaka leo wageni wa darasa la chini kabisa huniita Mama Metroni, nami huitika.

Metroni ndiye anayehesabu magodoro. Ndiye anayeonja maharagwe kabla hayajaua mtu, anayepuliza dawa ya kunguni, anayesimama nyuma ya goli na chupa ya maji siku ya mechi. Walimu hunijia wakati wa mapumziko niwapime presha, na kwa zile dakika tano huniita "daktari". Kwenye mkutano wao sina kiti. Nilikuwa na vitanda vitatu, kipimajoto kimoja na kopo la panadoli, na watoto wa kila namna: Wasamia wa hapa Masinya, Wateso, Wapadhola wa upande wa Tororo, na wale wanaovuka mpaka kutoka Kenya na masanduku makubwa kuliko wao. Nilijifunza kuuliza "inauma wapi" kwa lugha zao zote, pamoja na ile ya vijana wa ng'ambo ambayo hubadilika kila muhula. Nilijiona hodari. Shika hilo, nitalirudia.

Tatizo langu lilikuwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi kuna paredi ndefu uwanjani, na baada ya paredi kuna jaribio la hisabati. Basi foleni yangu ilianza mlangoni ikaishia kwenye tangi la maji. Matumbo yote yalikuwa matumbo ya hisabati.

"Musawo, kichwa yangu iko nazunguka," msichana mmoja akaniambia.

"Inazunguka kwenda wapi?"

"Kwa kitanda."

Mwanzoni nilicheka. Muhula wa pili nikachoka kucheka. Ndipo nikaandika hayo uliyoyasoma, nikampelekea naibu mkuu wa shule, Mwalimu Owori, aliyeshika mambo ya nidhamu. Mtu mrefu, viatu vinang'aa hata siku ya tope, anayependa mstari ulionyooka kuliko anavyopenda chakula. Alisoma mara mbili, akanipa mkono.

"Musawo, wewe ni mtu wa mipango," akasema. "Hata ugonjwa unahitaji utaratibu."

Vikachapwa vikaratasi. Nikapigilia tangazo mlangoni kwa misumari minne. Jumatatu iliyofuata foleni ilikuwa na watoto wanne. Mwanangu, nilidhani nimewaponya! Owori alinisifu mbele ya paredi. Shule mbili za jirani zilituma watu kuja kunakili. Nilitembea hapa Masinya kama mtu aliyevumbua chanjo.

Ambacho sikukiona, mimi ninayejisifu kwa kuona, ni hiki. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye kwa mandazi mawili alikuandikia sahihi ya mwalimu yeyote unayemtaka. Sahihi zake zilikuwa safi kuliko za walimu wenyewe, kwa hiyo ndizo nilizoziamini zaidi. Wale wanne waliokuja Jumatatu na vikaratasi vizuri walikuwa wazima wa afya. Nami nikawapokea kwa heshima zote, nikawapa kitanda.

Sasa nifike kwa Ajambo.

Ajambo alikuwa msichana wa kidato cha pili, mtoto wa kijiji cha Lunyo, mwembamba, mpole, mwenye umanjano kidogo machoni. Huo umanjano niliuona. Niliuona tangu wiki ya kwanza, nikasema moyoni nitauangalia siku nikipata nafasi, nikarudi kuhesabu magodoro. Jumatatu hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na baridi ilikuwa ya kuuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu. Akaja polepole, akivuta miguu.

"Musawo, miguu yangu nauma. Na kifua."

"Kikaratasi kiko wapi?"

"Sijaona mwalimu."

"Mtafute."

Akaenda. Unakujua kutoka hapa mpaka ofisi ya walimu, kuna kile kilima. Akarudi. "Mwalimu iko kwa paredi. Amesema ningoje iishe."

"Basi ngoja iishe."

Akarudi mara ya tatu. Paredi imekwisha, mwalimu wa zamu ameingia darasani, na darasani haingiliwi. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Sikumgusa. Sikumpima hata joto, na kipimajoto kilikuwa mfukoni mwangu. Nilinyoosha kidole nikamwonyesha tangazo. Mtoto mtiifu yule, alilisoma lote mpaka mwisho. Akageuka, akarudi alikotoka.

Mimi nikamalizia chai.

Aliyemkuta ni Mama Apio, mpishi wetu, Mteso mwenye mkono mzito na ulimi usiojua vyeo. Alimkuta nyuma ya jiko, amejikunja kando ya moto mahali penye joto, hawezi kusimama wala kulia. Akampakia kwenye toroli ya kuni, akaisukuma mpaka hapa. Mlangoni hakusimama. Aliiingiza toroli ndani na tope lake lote, akanitazama.

"Musawo," akasema, "huyu hana kikaratasi. Nimrudishe jikoni?"

Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, wazazi, walimu, hata mkaguzi mmoja aliyekaa juu ya sindano. Hakuna aliyenifikia mahali alipofika Mama Apio.

Tulimpeleka Busia, kutoka Busia akapelekwa Tororo. Alikuwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu ambao baridi ikiuamsha mtoto huhisi mifupa inavunjwa moja moja. Wewe umeusoma. Unajua kwamba mgonjwa wake haonyeshi kitu, hana kidonda, hana jipu, mara nyingine hata joto hana. Ana maneno yake tu. Anachohitaji ni maji, joto, dawa ya maumivu, na mtu wa kumwamini mapema. Ajambo alipanda na kushuka kile kilima mara mbili kwa agizo langu. Alinusurika, Mungu ni mwema. Lakini nyonga ya kushoto haikurudi kama ilivyokuwa. Mwaka ule alipoteza mtihani wake, na mpaka leo anachechemea.

Wapo walionipa pa kutokea. Fomu yake ya kujiunga na shule ilitolewa, na pale panapouliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu mzazi alikuwa ameandika "Hapana". Owori aliniletea mwenyewe. "Umeona, Musawo? Wamedanganya. Wewe huna kosa." Nilijaribu kulivaa hilo neno siku mbili, halikunienea. Siku ya tatu nikaenda Lunyo.

Mama yake nilimkuta uani anamenya muhogo. Alinipa kiti. Ajambo alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, mlango wazi, anatusikia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno mazuri kabisa, yenye utaratibu. Mama wa watu hakunipa nafasi.

"Nieleze, musawo, mimi sikusoma," akasema. "Mtoto akiumwa shuleni, anayesaini ni nani?"

"Mwalimu wa zamu."

"Huyo ndiye anayejua magonjwa?"

"Hapana."

"Nani anayejua?"

"Mimi."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale mlangoni."

Akachukua muhogo mwingine, akaumenya. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini kwenye fomu waliandika hapana. Hakukasirika. "Shule mbili nilisema kweli," akasema. "Zote zikaniambia nafasi imejaa. Ya tatu ndiyo yenu." Halafu akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa."

Sikuweza kuinywa. Mpaka leo mama yako anashangaa kwa nini asubuhi nakunywa maji ya moto matupu. Ndiyo hiyo.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa kitu ambacho mtoto mdogo angekielewa. Kutafuta sahihi kunataka miguu, kunataka pumzi, kunataka ujasiri wa kubisha hodi kwenye ofisi ya walimu. Mwenye vyote hivyo haumwi sana. Nilikuwa nimeweka mlangoni kwangu chujio linalopitisha wazima na kuzuia wagonjwa, kisha nikajipongeza kwamba wagonjwa wamepungua.

Kesho yake nikaenda kwa Owori nikamwambia naufuta ule utaratibu.

"Haiwezekani," akasema. "Utaratibu wenyewe si ni wako?"

"Ndiyo maana naufuta."

"Ukishachapwa si wako tena, Musawo. Ni wa shule."

Nikamwambia wachapishe watakavyo, mimi nitampokea yeyote atakayefika. Akaanza kunifungia mlango. Kweli, mwanangu: akachukua ufunguo wa chumba hiki, akawa anaufungua mlango saa nne, baada ya paredi na jaribio, na kuufunga saa sita. Nilivumilia wiki moja. Jumamosi nikaazima bisibisi kwa fundi seremala wetu, nikakaa kwenye ndoo, nikafungua skurubu kumi na mbili, bawaba tatu, nne nne. Mlango nikaulaza juu ya masanduku mawili ya sabuni. Ndiyo lile benchi ulilokuwa ukikalia ukinisubiri ulipokuwa mdogo. Ulikuwa ukiuliza kwa nini benchi letu lina tundu la ufunguo, nami nikakuambia ni la kupitishia hewa. Nisamehe uongo huo, ulikuwa na miaka sita.

Kabla hujaniletea habari za chuoni: kabati la dawa lina kufuli na ufunguo wake nauvaa shingoni. Na pazia lipo, kitenge cha mama yako, kizito, mtoto akivua shati haonekani na mtu. Kilichoondoka ni kile kipande cha mbao kinachomwambia mgonjwa "hapana" wakati mimi sipo.

Nilipata barua tatu za onyo. Nimezihifadhi pamoja na cheti changu, na zimeandikwa vizuri kuliko cheti. Bodi iliniita. Mjumbe mmoja aliniuliza kama najua kwamba mlango ni mali ya shule. Nikamwambia najua, na bado uko shuleni, aje akae juu yake. Muhula uliofuata Owori alimtuma karani aniletee kufuli jipya, akitumaini nitaurudisha mlango. Nilimwandikia kumshukuru. Ninalo bado kwenye boksi lake.

Foleni ya Jumatatu ilirudi mpaka kwenye tangi la maji. Nikaiacha irudi. Ila safari hii niliwauliza wale waongo wangu maswali, na nikakaa nisikie majibu. Msichana wa kichwa kinachozunguka alikuwa katika siku zake na hana cha kuvaa, na paredi ni ya kusimama saa nzima. Mwingine hakuwa amekula tangu Jumamosi mchana. Na yupo kijana aliyekuwa na dawa za kumeza kila siku, zile za maisha, ambazo tulizificha hapa kwangu kwenye kopo la majani ya chai. Kumbe tangu nilipoleta vikaratasi alikuwa ameacha kumeza, kwa sababu mwalimu wa zamu kabla ya kusaini huuliza "unaumwa nini?" mbele ya mstari wote. Wiki saba, Nekesa. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Uliandika mwenyewe nirudi nilikotoka."

Wavivu nao wapo, usije ukadhani nimekuwa mtakatifu. Mvivu akinilaghai nimepoteza kitanda kwa dakika kumi. Nampa maji, namsikiliza uongo wake mpaka mwisho, nikiona ni uongo mzuri namsifu, kisha namrudisha darasani. Sijapata hasara yoyote kwa hao.

Kuhusu Owori: alipandishwa cheo, akapewa shule ya bweni upande wa Mulanda. Aliondoka na vitabu vyake, viti vyake viwili, na kanuni yangu. Sasa umejua kwa nini imekungoja huko. Si mtu mbaya, tafadhali usiende kwake na chuki. Hajawahi kuiba hata chaki. Alinisikiliza siku ile nilipokuwa mjinga akaamini kila neno, na nilipopata akili hakunisikiliza tena. Katika wote niliowafundisha kitu maishani, yeye ndiye aliyeshika somo vizuri kuliko wote.

Basi unaponiambia utasaini kwanza, umalize miezi sita, ndipo ubishane, nakuelewa. Ni maneno ya mtu mwenye akili. Lakini miezi sita ina Jumatatu zaidi ya ishirini. Mimi ilinitosha moja. Na kuna jambo jingine ambalo hutalisikia chuoni: ukizoea kurudisha watoto kwa miezi sita, mwezi wa saba hutaona tena unachobishia. Utakuwa umesimama mlangoni na kikombe chako, na chai itakuwa tamu.

Nitakuambia ambavyo ningefanya mimi. Ningesaini kanuni zote nyingine kwa mwandiko mzuri. Ya saba ningeikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu Owori anapenda mistari iliyonyooka, nikaandika jina langu pembeni, mbele ya macho yake. Akiuliza nani amekupa ruhusa, mwambie aliyeiandika ameifuta, na wewe ni binti yake. Atakukumbuka. Ulikuwa ukikaa kwenye benchi langu ukila njugu zake.

Anaweza kukufukuza hapo hapo. Sikufichi. Najua mama yako ameshawatangazia watu wa kanisani, na itabidi azunguke tena nyumba hadi nyumba kutangua, kazi ambayo ataifanya akinitaja mimi kila mlango. Mwache anitaje. Ukifukuzwa, panda gari urudi, usikae stendi ya Tororo kulia. Hapa kwetu hujawahi kuingia kwa sahihi ya mtu.

Na tukubaliane kwamba unaweza kuisoma barua hii yote, ukaikunja, ukasaini kama ulivyosema. Kazi ni yako, kalamu ni yako. Sitakuuliza. Ila nimeona nisikuache uende huko ukidhani kanuni hiyo iliandikwa na mtu aliyejua anachofanya.

Sasa la mwisho, na hili usimwambie mama yako, yeye anajua Alhamisi nilikwenda kwenye mazishi. Nilikwenda Mulanda. Nilifika kwenye geti la shule yako na koti langu la Jumapili. Askari akanizuia.

"Mzee, wewe natafuta nani?"

"Mtoto wangu anakuja hapa wiki ijayo. Nimetoka Busia, nataka kuona pahali ya wagonjwa."

"Mtoto yako iko mgonjwa?"

"Hapana. Iko kichwa ngumu."

Akacheka. "Nyinyi watu ya Busia nyote ni wakaguzi," akasema, lakini akanipeleka. Sikumdanganya hata neno moja, ukiangalia vizuri.

Chumba chako ni kizuri kuliko changu. Vitanda vinne, madirisha mawili, sinki linalotoa maji. Tangazo lipo mlangoni, limewekewa kioo. Mlango wenyewe ni wa mbao, unafungukia ndani, una bawaba tatu, skurubu nne kila moja, kama wangu. Askari alidhani nausifia ufundi, nami nilikuwa nahesabu.

Kwenye sanduku lako, chini ya kipimo cha presha, ndani ya soksi yangu ya kijivu, kuna bisibisi. Safari hii si ya kuazima. Sikuambii ung'oe kitu chochote. Huenda Owori amezeeka akawa msikivu, na mstari mmoja wa kalamu ukatosha. Nakuambia tu ilipo, kama mama yako alivyokuambia ilipo chumvi.

Bawaba ya chini ina kutu. Ukifika hapo, anza na hiyo.

Baba yako,
Metroni